Kabla Ageuke Barabara, Tom Mboya Alikuwa Kanjo: Masomo ya Uongozi Kutoka kwa Jamaa Aliyekosa Karo

Kama unaishi Nairobi, jina la Tom Mboya unalitaja karibu kila siku bila kufikiria. Tupatane Tom Mboya. Mat za mtaa wetu hubebea Tom Mboya. Simu yangu iliendea Tom Mboya. Lakini uliza wasee kumi wanaopita hapo huyo jamaa alikuwa nani. Wengi watakwambia alikuwa waziri kitambo, akapigwa risasi. Stori inaishia hapo.

Sasa chukua hii. Ile barabara ambayo wachuuzi hukunja mali wakitoka mbio juu kanjo wameonekana, imepewa jina la msee ambaye mwenyewe alikuwa kanjo. Si utani. Kazi ya kwanza ya Tom Mboya ilikuwa City Council ya Nairobi. Hakuwa askari wa kurusha watu kwa lori. Alikuwa inspekta wa afya, yule wa kukagua usafi wa maduka na kupima kama maziwa yamechanganywa na maji. Na alifika hapo kwa sababu kwao karo iliisha.

Miaka 23, alikuwa anaongoza vyama vya wafanyakazi wa Kenya. 26, mjumbe wa Bunge la wakoloni. 28, mwenyekiti wa kongamano la Afrika nzima. 31, waziri. 38, amekufa, wiki sita kabla ya kufikisha 39.

Tumezoea kuambiwa vijana ni viongozi wa kesho. Huyu hakungoja kesho. Lakini hatukuja hapa kumpaka mafuta, juu pia aliharibu vitu, na vingine vilimrudia. Twende pole pole.

Mtoto wa shamba la mkonge

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 Kilimambogo, upande wa Thika, kwa shamba la mkonge lililokuwa la McMillan. Ndio, jina ni lile lile la maktaba ya McMillan hapo Banda Street. Mzae wake, Leonard Ndiege, alikuwa mfanyakazi wa shamba. Mathe alikuwa Marcella. Ocha yao ilikuwa kisiwa cha Rusinga, ndani ya Ziwa Victoria, mbali sana na hapo.

Hii ni muhimu, kwa hivyo usiiruke. Mboya alikuwa Mjaluo wa Rusinga aliyekulia kati ya Wakamba na Wakikuyu. Watoto aliocheza nao walitoka kila kona, kwa sababu wafanyakazi wa shamba walitoka kila kona. Akashika lugha zao. Alipokuja kuwa mwanasiasa miaka mingi baadaye, hakuhitaji mtu wa kumtafsiria kwa mkutano wa Nairobi. Wenzake wengi walikuwa na kabila lililowasukuma. Yeye alikuwa na mtaa.

Shule zilikuwa za misheni ya Wakatoliki. Alianzia Kabaa huko Ukambani, ambako watoto walijifunza kuandika kwa mchanga. Akapelekwa St. Mary's Yala, Nyanza, ndiyo ajue nyumbani kwa baba yake. Halafu 1946 akaingia Mang'u. Akili ilikuwa kichwani, walimu waliona, lakini Ndiege alikuwa na watoto wengine na mshahara wa shamba. Kufikia mwisho wa 1947, hesabu ilikataa. Tom hangeendelea.

Karo ikaisha, akaingia mlango uliokuwa wazi

Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya balansi, kwa hivyo hapa nilisoma pole pole. Kuna ile siku unaelewa kwamba hakuna mtu atatokea na cheki. Unaweza kukaa na hasira kwa miaka, na sitamlaumu mtu anayekaa nayo.

Mboya alitafuta masomo ambayo hayangemkamua mzae. 1948 akajiunga na mafunzo ya mainspekta wa afya, baadaye akiwa Jeanes School pale Kabete. Ukweli ni kwamba hakuna kijana huota akikua atakagua vyoo na machinjio. Lakini Kabete ndipo alipochanuka. Wanafunzi wenzake walimchagua kuwaongoza, akajifunza kuendesha mkutano, kubishana kwa hoja, na kukaa mbele ya mkubwa bila kutetemeka. Akamaliza, na 1951 akaanza kazi Council.

Digrii hakuwahi kuipata kwa njia ya kawaida. Baadaye alisoma mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford, kati ya 1955 na 1956, akafuata mambo ya wafanyakazi na waajiri. Na 1959, chuo cha Howard cha Marekani kikampa udaktari wa heshima wa sheria. Yaani jamaa aliyekatiziwa shule Mang'u alivalishwa joho na watu wenye vyuo.

Somo hapa halisemi shule haina maana. Mwenyewe hangekubali hiyo, na utaona kwa nini. Somo ni kwamba alichukua nafasi ndogo iliyokuwepo kana kwamba ilikuwa kubwa.

Chupa za maziwa na mama asiyeona

Kuna stori moja aliyosimulia mwenyewe kwa kitabu chake cha 1963. Siku moja alikuwa ofisini City Hall peke yake, anapima sampuli za maziwa. Mama Mzungu akaingia na chupa yake. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akamwona Mboya, halafu akauliza kama kuna mtu yeyote hapo.

Soma tena. Alimwangalia mtu akiwa amesimama mbele yake, akauliza kama kuna mtu.

Mboya akamuuliza kama macho yake yana shida. Mama akawaka kweli kweli. Kwake, Mwafrika kupima maziwa yake ilikuwa tayari matusi, na kumjibu ilikuwa matusi juu ya matusi.

Hiyo ilikuwa dharau ya mtu mmoja. Kulikuwa na nyingine iliyoandikwa kabisa kwa vitabu vya Council. Inspekta Mzungu na inspekta Mwafrika walifanya kazi moja, wakakagua maduka yale yale, lakini Mzungu alilipwa karibu mara tano zaidi. Mara tano, wasee.

Mboya angeweza kununa tu, ama kulewa tu jioni na kulaani wakoloni. Badala yake alichukua kile kilichokuwepo, chama kidogo cha wafanyakazi Waafrika wa Council, kilichokuwa kama kikundi cha kunywa chai. Wakamchagua kiongozi, naye akakigeuza chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, chenye wanachama wanaolipa ada na chenye uwezo wa kukaa mezani na mwajiri. Hapo ngori na wadosi wake ikaanza. Kufikia 1953 alikuwa ametoka Council.

Mtu mmoja akilalamika kwa mdosi, mdosi humtafutia barua ya kumfuta. Watu mia kadhaa wakilalamika na wamelipa ada, mdosi hutafuta kiti akae wazungumze. Mboya alielewa hiyo kabla afikishe miaka 23.

Kuongoza wakati kuongea ni hatari

Angalia mwaka tena. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kenyatta na wenzake wakashikwa. Chama cha KAU, ambacho Mboya alikuwa amejiunga nacho na kusaidia kushika hazina wakati wakubwa wako ndani, kikapigwa marufuku Juni 1953. Siasa ya Mwafrika ikafungwa kabisa.

Mlango mmoja ulibaki nusu wazi, nao ni vyama vya wafanyakazi. 1953 Mboya akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo, lile lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Kijana wa miaka 23 akajikuta ni kati ya sauti chache sana za Waafrika zilizobaki kisheria nchini.

Aprili 1954 wakoloni wakafanya ile Operation Anvil. Jeshi likazunguka Nairobi, watu kwa makumi ya maelfu wakakusanywa, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wengi wakapelekwa kambi za kizuizini. Viongozi wa wafanyakazi nao wakabebwa. Shirikisho lilipiga kelele kuhusu adhabu ya jumla na watu kutupwa nje ya nyumba zao. Mboya hakuwa wa kabila lililokuwa linasakwa. Angenyamaza tu akalinda kazi. Hakunyamaza. Aliandika barua, akapeleka malalamiko hadi kwa vyama vya wafanyakazi vya nje, mpaka London ikaanza kuulizwa maswali.

Halafu Machi 1955, bandari ya Mombasa ikasimama. Wafanyakazi wa dock waligoma juu mshahara haukutosha hata kudishi. Serikali ilikuwa na wasiwasi, mji ulikuwa moto. Mboya akashuka pwani. Kazi aliyofanya huko ndiyo ngumu kuliko zote kwa kiongozi. Aliwaomba watu wenye njaa na hasira warudi kazini kwanza, ndiyo kesi yao iende kwa usuluhishi. Fikiria kusimama mbele ya umati huo ukiwa kijana wa miaka 24 na kuambia watu wapoe. Wangeweza kumwita msaliti.

Lakini hakuwaacha hapo. Alisimama kwa baraza la usuluhishi na hesabu mkononi: bei ya chakula, kodi ya nyumba, mshahara. Wakatoka na nyongeza ya takriban asilimia 33. Hapo ndipo jina lake lilianza kuwika kutoka pwani hadi Kisumu.

Kupiga kelele ni rahisi, hata mimi naweza. Ile kazi ya usiku ya kupanga namba ili kesho kelele igeuke pesa, hiyo wengi hukimbia.

Ukitaka kuona alama ya kipindi hicho, nenda Digo Road, upande wa Gikomba. Lile jengo la Solidarity, makao ya wafanyakazi, lilitokana na pesa alizochangisha kwa vyama vya wafanyakazi wa Marekani alipozuru huko 1956.

Bunge, Accra, na jarida la Time

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wa Legco. Viti vilikuwa 8 tu. Na si kila mtu alipiga kura: ilibidi uwe na elimu ama mali ama kazi fulani, na wengine walikuwa na kura hadi tatu. Mboya akagombea Nairobi dhidi ya wakili Argwings-Kodhek, ambaye alikuwa shujaa wa mahakama, akitetea washukiwa wa Mau Mau. Ilikuwa mechi ya jasho. Mboya akashinda kwa kura chache.

Wale 8 wakafanya kitu ambacho wabunge wetu wa leo hawawezi kuelewa. Walikataa kazi za uwaziri. Walisema viti ni vichache mno, hawawezi kupamba serikali ambayo haiwatambui. Mwaka uliofuata Waafrika wakaongezewa viti 6.

Desemba 1958 Kwame Nkrumah aliita wazalendo wa Afrika nzima Accra. Kwenye kiti cha mwenyekiti akakalishwa Mboya, miaka 28, mbele ya watu waliokuwa wakipigania uhuru kabla yeye avae suruali ndefu. Machi 1960 sura yake ikatokea kwa ukurasa wa mbele wa jarida la Time la Marekani.

Kijijini watu walijua amefika. Lakini kitu kikubwa zaidi alikuwa amekifanya miezi michache kabla ya hapo.

Ndege

Uhuru ulikuwa unanukia. Shida ikawa nani ataendesha nchi. Waingereza walikuwa wamefungua mlango mwembamba sana wa elimu ya juu: Makerere kwa wachache, Uingereza kwa wachache zaidi. Kijana aliyepita mtihani na hana nafasi alibaki kuwa karani.

Mboya alijua hiyo hisia. Alikuwa ameishi ndani yake.

1959 akaenda Marekani, akazunguka karibu wiki sita akihutubia chuo baada ya chuo, kanisa baada ya kanisa, akiomba nafasi za masomo. Vyuo vikakubali kutoa. Sasa nauli? Rafiki yake mfanyabiashara William Scheinman akasimama naye. Mwanamuziki Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson wakaweka majina yao kwa barua ya kuomba michango. Kenya nako, Dkt. Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri wakasaidia kupanga. Huku vijijini watu wakauza ng'ombe, wakafanya karamu za chai na densi za kuchanga, ili mtoto mmoja wa kijiji apate nguo na pesa ya mfukoni.

Septemba 1959, ndege moja ya kukodi ikatua New York na wanafunzi 81.

Serikali ya mkoloni haikufurahi. Ilisema vyuo vya Marekani ni vya kiwango cha chini, watoto watapotea. Mboya hakujibizana nao sana. Alienda kutafuta ndege nyingine. Julai 1960 alikutana na John F. Kennedy, wakati huo seneta anayegombea urais, nyumbani kwao Hyannis Port. Serikali ya Marekani ilikuwa imekataa kulipa nauli. Wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na kundi la 1960 likasafiri.

Kufikia 1963 karibu wanafunzi 800 kutoka Kenya na nchi jirani walikuwa wamepelekwa majuu kwa mpango huo. Kati ya wale wa 1960 alikuwepo msichana mmoja wa Nyeri aliyetua Kansas kusomea biolojia. Jina lake Wangari. 2004 alishinda Tuzo ya Amani ya Nobel.

Na tusahihishe stori moja ya mtaa: baba yake Barack Obama hakuwa kwa ile ndege ya wanafunzi 81. Alifika Hawaii 1959 kwa njia nyingine, ingawa baadaye wakfu wa mpango huo ulimsaidia pesa kidogo, na Mboya alikuwa rafiki yake.

Hapa nataka tusimame kidogo. Mboya alikosa karo. Alipopata uwezo, angeweza kusema nami nilisota, wacheni nao wasote. Tunajua watu wa aina hiyo. Mtu akiomoka, anafunga mlango nyuma yake na kuanza kuhubiri jinsi alivyoamka saa kumi asubuhi. Mboya alijaza ndege na vijana wenye makaratasi ambayo yeye hakuwa nayo, watu ambao kesho wangeweza kumpita. Ukitaka kujua kama mtu ni kiongozi, angalia kama anaogopa vijana wenye akili walio chini yake.

Kura za Nairobi

1960 KANU ilipoundwa, Mboya akawa katibu mkuu. Uchaguzi wa 1961 alisimama Nairobi Mashariki, sehemu iliyojaa wapiga kura Wakikuyu. Mpinzani wake alikuwa Dkt. Munyua Waiyaki, Mkikuyu, daktari, mtu wa jina kubwa. Kwa hesabu ya siasa tunayoijua leo, hiyo ingekuwa imeisha kabla ianze.

Mboya alizoa karibu kura 9 kati ya kila 10.

Hakushinda kwa uchawi. Hao watu walimkumbuka wakati wa Anvil. Walimkumbuka kwa mishahara. Wengine walikuwa na mtoto kwa ndege. Alikuwa amejenga deni la imani kwa miaka minane, akalipwa siku moja. Ukisikia mtu akisema Nairobi haiwezi kupiga kura bila kuangalia jina la pili, mwambie ilishafanya hivyo 1961.

Akawa Waziri wa Leba 1962. Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na wafanyakazi wakaweka saini mkataba wa mahusiano kazini, na ukawa msingi wa jinsi migogoro ya kazi inavyotatuliwa Kenya. Mwaka huo huo, Januari, alikuwa amemwoa Pamela Odede. Baadaye akashika wizara ya sheria na katiba, kisha ile ya mipango ya uchumi.

Alipoteleza

Sasa upande ambao kwa sanamu hauandikwi.

1965 wizara yake ilitoa karatasi ya sera inayojulikana kama Sessional Paper No. 10. Ilisema pesa za maendeleo ziwekwe kwanza kwa maeneo ambayo yatazalisha haraka. Kwa vitabu ilileta mantiki. Kwa watu wa kaskazini na sehemu kavu, ilimaanisha subiri. Wamesubiri sana. Hata rafiki yake Obama aliandika makala mwaka huo huo akiichambua bila huruma.

Kubwa zaidi ni Limuru, Machi 1966. Mboya na Jaramogi Oginga Odinga walikuwa wamegongana kwa miaka. Odinga alikuwa makamu wa rais na naibu wa chama. Mboya, aliyekuwa fundi wa chama, akapanga mkutano ambapo kile cheo cha naibu kilivunjwa vipande 8, kila eneo na makamu wake. Odinga akabaki bila kiti, akatoka akaunda KPU. Sheria ikabadilishwa haraka ili wabunge waliomfuata warudi kwa wapiga kura. Mboya alikuwa mstari wa mbele kwa yote hayo.

Ilikuwa form safi. Alishinda. Lakini fikiria alichojenga: mashine ya kumwondoa mtu mwenye cheo bila kumshinda kwa hoja mbele ya wananchi. Na wale waliomtumia kuondoa Odinga, wakishamaliza, waliangalia huku na huku wakaona ni nani amebaki kwa njia ya kurithi kiti cha Mzee. Amebaki fundi mwenyewe. Kijana, maarufu, ana kura za makabila yote, anajulikana Washington. Na sasa hana Odinga wa kusimama kati yake na wao, wala hana watu wa Odinga nyuma yake.

Hili ndilo somo ambalo ningelipigia mstari mara mbili. Ukitengeneza kisu cha kukata mpinzani wako, usidhani kitabaki mfukoni mwako.

Jumamosi, saa saba

Tarehe 5 Julai 1969 ilikuwa Jumamosi. Mboya alikuwa ametoka Addis Ababa kwa mkutano. Akapitia ofisini, halafu mchana akaenda Government Road, siku hizi Moi Avenue, kwa duka la dawa la Chhani. Wenye duka walikuwa marafiki. Alikuwa anataka mafuta ya ngozi. Hakuwa na mlinzi.

Akatoka nje karibu saa saba, wakati maduka yalikuwa yanafunga. Risasi zikalia. Walimkimbiza Nairobi Hospital, lakini maisha yalikuwa yameenda.

Mtu mmoja, Nahashon Isaac Njenga Njoroge, alishtakiwa, akahukumiwa kifo, akanyongwa Novemba mwaka huo. Inasimuliwa kwamba aliposhikwa aliwauliza karao kwa nini hawamfuati yule mkubwa. Huyo mkubwa hakuwahi kutajwa mahakamani. Miaka zaidi ya 50 imepita, na kesi ilifungwa na mtu mmoja.

Nchi ilipasuka. Misa ya wafu pale Holy Family ilikumbwa na vurugu na vitoa machozi. Watu walijipanga barabarani mwili ukisafirishwa kuelekea Rusinga. Oktoba, ziara ya Rais Kisumu iliishia kwa risasi na raia kuuawa, KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini. Ile Nairobi iliyompigia Mjaluo kura 9 kwa 10 ikaanza kuhesabiana kwa majina. Hatujamaliza kulipa hiyo bili.

Kwa hivyo, tubebe nini?

Ukipita Moi Avenue utaona sanamu yake, iliyozinduliwa 2011, karibu na mahali alipoanguka. Rusinga kuna kaburi lake, jengo lenye umbo la risasi. Na bila shaka kuna barabara yenyewe, na makanga wake, na wachuuzi wake.

Ukiniuliza mimi, usibebe ile picha ya Time. Beba yule kijana wa Kilimambogo aliyeambiwa karo hakuna, akachukua kazi ya kupima maziwa, akaona mshahara wake ni moja ya tano ya jirani yake, na badala ya kutafuta jinsi ya kutoka peke yake akatafuta wenzake. Kila kitu kingine kilitoka hapo: chama, mgomo, kura, ndege.

Na beba Limuru pia. Ushindi wake safi kuliko wote ndio uliomwacha peke yake.

Ile siku nyingine utakuwa Tom Mboya unangoja mat ijae, na uone mama anakunja nyanya zake mbio juu kanjo wametokea kona, kumbuka kwamba jina lililo juu ya hiyo barabara ni la kanjo aliyechagua kusimama na wanaolipwa kidogo. Kama uko na kiti chochote, hata kama ni cha kuongoza chama cha watu kumi hapo mtaani, jiulize swali moja: nani amepanda ndege kwa sababu yako?